Kicheko si Ushahidi kwamba Tashtiti Imeeleweka

Imani iliyoenea kwamba utani ni utani tu, na kwamba anayechukizwa na katuni ya televisheni hajaielewa, ni imani potofu, na Kigali ni mji unaopaswa kuwa wa kwanza kuikataa. Imani hiyo huchukulia kwamba maana ya kichekesho imo ndani ya kichekesho chenyewe, ilhali maana hiyo hukamilishwa na mtazamaji kutokana na yale aliyokuwa akiyaamini kabla hajawasha televisheni.

Mfano ulio wazi ni South Park, katuni ya Marekani iliyoanza kurushwa mwaka 1997, ambayo mwaka 2015 ilimleta mwalimu mkuu aitwaye PC Principal ili kuukejeli usahihi wa kisiasa, yaani mwenendo wa kuchunga maneno ili watu wa rangi, jinsia au hali fulani wasidhalilishwe. Katika kipindi chake cha kwanza mwalimu huyo anamshushia mwanafunzi Cartman kipigo kikali chooni kwa sababu ya maneno aliyoyatumia, na hapo ndipo ilipo tashtiti, yaani kejeli inayofichua uovu: mtetezi wa wanyonge amegeuka mbabe. Mtazamaji mmoja hucheka kwa kuubaini unafiki huo, mwingine hucheka kwa kuwa amepata ruhusa ya kuwadharau wanaotetewa, na kwa kuvisikia tu vicheko vyao hakuna awezaye kuvitofautisha.

Jambo hili limechunguzwa kitambo. Mchezo wa televisheni wa All in the Family, ulioanza Marekani mwaka 1971, ulimchora mbaguzi Archie Bunker ili aonekane mjinga, lakini utafiti wa Neil Vidmar na Milton Rokeach, uliochapishwa mwaka 1974, ulionyesha kwamba watazamaji wenye chuki zaidi ndio walioelekea kumpenda Archie na kuona kwamba hushinda mabishano.

Nchini Rwanda, kuchunga maneno hakukuzuka katika kumbi za vyuo vikuu, bali kumetokana na jenoside dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, ambayo ilitanguliwa na vibonzo vya kudhalilisha vya gazeti la Kangura na matangazo ya redio ya RTLM, iliyoanza kusikika mwaka 1993, ikawavuta vijana kwa muziki na masihara huku ikiwaita Watutsi mende. South Park si RTLM, na kuzilinganisha ni kuwakosea heshima waliouawa. Hata hivyo, nchi ambayo masihara yalitangulia mapanga haiwezi kuambiwa kwamba kicheko hakina uzito. Ndiyo maana kijana wa Kimironko au Nyamirambo, jijini Kigali, anayetazama kejeli dhidi ya maneno ya staha haitazami kwa macho ya kijana wa Marekani, na kusita kwake kucheka si dalili ya uzito wa akili.

Atakayesema kwamba dawa ni kupiga marufuku naye anakosea. Sheria ya makosa ya jinai ya mwaka 2018 iliharamisha kuwadhalilisha viongozi wa taifa kwa maneno, maandishi au vibonzo, na Aprili 2019 Mahakama ya Juu ya Rwanda ilikifuta kifungu hicho kwa kuwa kilikiuka katiba. Uamuzi huo ulikuwa wa haki, kwa sababu sheria inayomkinga mkubwa dhidi ya kibonzo haimwongezei mnyonge ulinzi wowote.

Njia bora imekwisha kuonekana nchini. Musekeweya, mchezo wa redio wa maridhiano ulioanza mwaka 2004, ulifuatiliwa kwa mwaka mmoja na mtafiti Elizabeth Levy Paluck, ambaye mwaka 2009 alieleza kwamba wasikilizaji hawakubadili sana imani zao binafsi, ila walibadili mtazamo wao kuhusu mwenendo unaokubalika katika jamii, wakawa wepesi zaidi wa kutoa maoni tofauti hadharani. Walikuwa wakiusikiliza kwa pamoja na kuuzungumzia. Kwa hiyo vituo vya televisheni, walimu na wazazi wa Kigali wasiishie kuwauliza vijana kama katuni imewachekesha, bali wawaulize wamemcheka nani na kwa nini, kwa maana tashtiti isiyojadiliwa humwacha kila mtu na chuki aliyokuja nayo, tena ikiwa imepata kibali.