Mwiba Mmoja na Ahadi ya Magharibi



Wapo miongoni mwa wasomaji wetu, na hasa akina mama, wanaotusimamisha barabarani na kutuuliza: "Sheikh, na magari yote haya ya Voi, bado wahangaika na baiskeli?" Hatuwalaumu. Mtu aliyekwisha kuvuka miaka hamsini, kanzu yake imekunjwa ndani ya mfuko na helmeti imekaa juu ya kofia ya mkono, ni kitu cha kuulizwa. Wiki hii tumeona tuwajibu, na katika jibu letu mna aibu yetu wenyewe. Tumeomba ruhusa kwa ahali yetu na binti yetu kabla ya kuiandika, nao wameturuhusu kwa haraka iliyotutia shaka.

Tuanze na raha yake. Mtu akitoka Voi baada ya sala ya Alfajiri, mara tu kunapopambazuka, hukuta hewa ambayo ifikapo saa nne haipo tena. Milima ya Sagala huwa mkono wa kushoto, bado imejifunika. Barabara ya Mwatate ina mwinuko mdogo usioonekana kwa macho ila kwa magoti. Ukifika Mwatate hukuta mashamba ya mkonge yamepangwa safu kwa safu kama jamaa iliyonyoosha saumu zake za sala, na kutoka hapo ndipo mtihani huanza, kwani njia ya Wundanyi hupanda kwa kona baada ya kona. Kila kona joto hupungua. Miiba ya nyika huachia nafasi migomba, na vijito husikika kabla ya kuonekana. Pumzi ikibana, sisi hufuatisha dhikri na mzunguko wa pedeli, tasbihi moja kwa kila mguu, na mara nyingi tumefika juu hali tumesoma wirdi ambao nyumbani huukatizakatiza kwa simu na mazungumzo.

Twaulizwa pia swali la fiqhi: je, msafiri wa baiskeli anapunguza sala? Jibu ni kwamba sheria hutazama masafa, haitazami chombo wala jasho. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Imamu Shafi wamekadiria marhala mbili, takriban kilomita 80 na kitu, kwa mwendo wa kwenda peke yake. Wundanyi haifiki masafa hayo kutoka Voi. Basi hata uwe umepanda mlima mpaka macho yakaona nyota mchana, Adhuhuri yako ni rakaa nne kamili.

Ama misiba yake, ni mingi na aghalabu ni midogo. Mnyororo hutoka. Spoki hukatika. Siku moja tulialikwa kufungisha nikaha, tukaona tufike kwa baiskeli hali tumevaa kanzu, na upindo ukaingia katika mnyororo. Tulisoma khutba ya nikaha tukiwa tumeuficha upindo ule wenye grisi nyuma ya miguu ya wazee. Lakini adui mkubwa wa mwendesha baiskeli katika nchi hii ni mbigili, ule mmea unaotambaa pembeni mwa barabara, ambao tunda lake dogo lina miiba iliyopangwa hivi kwamba lianguke vyovyote, mwiba mmoja hutazama juu.

Na kuna ndovu. Watu wa Taita Taveta hawahitaji kuelezwa. Tumezungukwa na mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, na kiangazi kikikaza ndovu hutoka kutafuta maji na malisho, hawajui mpaka wa mbuga wala wa shamba. Ndiyo maana sisi hatuendeshi baiskeli usiku. Na tukienda Taveta, tukifika Maktau, mahali ambapo barabara inakata mbugani, baiskeli hupanda juu ya matatu na sisi ndani yake. Kutawakali bila kumfunga ngamia si tawakali.

Haya yote tuliyajua vyema Jumamosi moja ya kiangazi kilichopita. Siku hiyo wageni walikuwa wanakuja kutoka Mombasa kuleta posa ya binti yetu. Ahali yetu alitukuta asubuhi tunajaza upepo.

"Baba watoto," alisema, "wageni watafika Magharibi. Leo si siku ya baiskeli."

"Ni Wundanyi tu. Alasiri tutakuwa nyumbani."

"Sema inshaallah."

Tukasema. Lakini tulisema kama watu wengi wanavyosema, ulimi ukitangulia na moyo ukiwa tayari uko mlimani.

Tulifika Wundanyi mapema na miguu ilikuwa myepesi. Tukasali Adhuhuri, tukala kimanga na chai, na hapo ilitupasa kurudi. Badala yake tukapanda zaidi, tukielekea upande wa Vuria, kilele kirefu kuliko vyote katika milima ya Taita, chenye mita 2,208. Hatukukifikia. Tulisimama mahali ambapo nyika yote ilikuwa imetandazwa chini yetu, tukapiga picha moja, kisha nyingine, mpaka simu ikazimika. Tulipoteremka, jua lilikuwa limekwisha kutupita.

Chini ya Mwatate tairi la nyuma likalala. Tukatoa mbigili, tukabandika kiraka. Hatukwenda mbali likalala tena, na mfukoni hapakuwa na kiraka kingine. Tukaanza kukokota. Haukupita muda ikasimama pikapu iliyojaa makabeji inayokwenda Voi. Mama mzee aliyekaa karibu na dereva alitoa kichwa dirishani.

"Shehe, tia baiskeli yako juu ya makabeji, nawe upande. Giza laja."

Tulimwambia ahsante, tumekaribia. Hatukuwa tumekaribia. Ukweli ni kwamba juzi yake, barazani pa msikiti, tulikuwa tumejigamba mbele ya vijana kwamba baiskeli yetu haijapata kurudishwa mjini na gari. Tuliona haya kuingia Voi juu ya makabeji. Yule mama alitutazama kwa muda, akatikisa kichwa, na pikapu ikaenda zake.

Jua likachwa. Tulisali Magharibi pembeni mwa lami, na tulipotoa salamu tukasikia matawi yakivunjwa upande wa pili wa barabara, polepole, na kitu kisichokuwa na haraka. Hatukuona mnyama. Tuliona kinyesi chake kibichi hatua chache mbele yetu. Hapo ndipo kiburi kilipotutoka chote mara moja, na tulibaki na dua ya mtu asiye na hila. Mwenyezi Mungu akatuletea kijana wa bodaboda. Hakutuuliza kitu, alilaza baiskeli mapajani mwetu, na akaendesha kama mtu aliyesikia matawi yale yale.

Tulipofika nyumbani Isha ilikuwa imekwisha kusaliwa. Vikombe vya kahawa vilikuwa vimeoshwa. Wageni walingoja, wakakirimiwa, wakaaga kwa maneno mazuri, kwani posa haijibiwi bila ya walii, na walii ndiye sisi. Ahali yetu hakugombeza. Alituwekea chakula, akaenda kulala. Binti yetu ndiye aliyebaki mlangoni.

"Baba," alisema, "ingekuwa ni darsa yako, ungechelewa?"

Wasomaji wetu, tumeulizwa maswali mengi katika miaka yetu ya kufundisha, na kwa mengi tulikuwa na jibu au kitabu cha kufungua. Hili hatukulijibu. Mara ngapi tumekaa mimbarini tukazihesabu alama za mnafiki, na kuvunja ahadi ikiwa mojawapo? Lakini tulipoifikiria ahadi, daima tuliifikiria ya sokoni, ya deni, ya wanaume wawili na shahidi. Ile anayopewa mtoto jikoni asubuhi hatukuihesabu.

Siku kumi na moja haikuja simu kutoka Mombasa. Siku ya kumi na mbili tulipanda basi, tukaenda wenyewe, tukaomba radhi mbele ya wazee wa yule kijana, tukaeleza kila kitu pamoja na makabeji. Mzee wao alinyamaza, kisha akasema kwamba alidhani binti hatakiwi kuolewa kwao, na kwamba yeye aweza kusamehe tairi kwa urahisi kuliko dharau. Alhamdulillahi, nikaha ilifungwa mwezi wa Shawwali.

Tangu hapo tumemkumbuka sana kijana mmoja wa Guinea, Mamadou Safaiou Barry, ambaye mwaka 2023 alitoka kwao kwa baiskeli akitafuta elimu katika chuo cha Al-Azhar, Kairo. Alikwenda muda wa miezi minne, masafa ya kilomita 4,000 hivi, akivuka nchi baada ya nchi, na njiani akawekwa kizuizini zaidi ya mara moja. Alipofika Chad, mfadhili alimpa tikiti ya ndege mpaka Misri. Akaipokea. Hakusema kwamba alianza na baiskeli na lazima amalize na baiskeli. Alijua alichokifuata ni elimu, na chuo kikampa nafasi ya kusoma bila malipo. Kijana wa miaka ishirini na mitano alijua kupokea mkono wa msaada, na mwalimu wa miaka hamsini na kitu aliukataa kwa sababu ya makabeji.

Hatukuacha baiskeli, na ahali yetu hakututaka tuiache. Tumeacha mambo mengine. Saa sita ikifika, popote tulipo, twageuza usukani. Siku yenye ahadi ya nyumbani, baiskeli haitoki. Na gari likisimama, twapanda, hata likiwa limebeba mbuzi. Wenye waume na wana waendesha baiskeli wawasomee sehemu hii kwa sauti.

Asubuhi ya kuondoka kwenda kwa mumewe, binti yetu alitupa mfuko mdogo. Ndani yake mlikuwa na viraka kumi, gundi, na betri ya kuchajia simu njiani. Alisema tu, "Usisahau kuijaza, Baba." Mfuko ule umefungwa chini ya kiti mpaka leo, na hujazwa kila Ijumaa usiku.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wakweli kwa walio karibu nasi kabla ya walio mbali. Tukutane wiki ijayo, inshaallah, na safari hii twaisema kwa moyo.

Wabillahi tawfiq.