Akiba ya Mitambo Isiwe ya Jina Tu

Tarehe 12 Mei, 2024, mikongo miwili ya mawasiliano, EASSy na Seacom, ilikatika siku moja katika bahari ya Afrika Kusini. Katika nchi za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo, intaneti ilizorota, na mahali pengine ikakatika kabisa. Siku ile ilidhihirika kwamba kuwa na njia mbili si lazima kuwe ni kuwa na akiba, iwapo zote mbili zaweza kupatwa na ajali moja.

Somo hilo si geni. Tarehe 15 Januari, 1990, mtandao wa simu za masafa marefu wa kampuni ya AT&T nchini Marekani ulivurugika kwa muda wa saa tisa hivi. Mtandao huo ulikuwa na swichi 114, yaani mitambo ipokeayo mawasiliano na kuyaelekeza yanakokwenda. Mmoja ukishindwa, mingine ilitazamiwa kuubeba mzigo wake. Mtambo mmoja wa New York ulipata hitilafu ndogo, ukasimama kwa sekunde chache ili ujirekebishe. Uliporudi kazini, ujumbe wake ulichochea kosa lililojificha katika programu ya mitambo jirani, nayo ikasimama. Hiyo nayo iliporudi, ikaiangusha mingine. Mitambo yote ilikuwa imepewa programu ile ile yenye kosa lile lile. Kwa hiyo wingi wake haukuwa kinga.

Tunasema basi kwamba akiba ya kweli ni ile isiyokufa pamoja na kile inachokilinda. Swichi mbili zinazotumia umeme wa njia moja, au nyaya mbili zilizofukiwa katika mtaro mmoja, ni akiba ya jina tu. Vile vile programu mpya haifai kuwekwa katika mitambo yote kabla haijapimwa katika michache.

Lipo jambo la pili, nalo ni mgawo. Tuchukue mfano wa ofisi yenye njia mbili zenye uwezo sawa, kila moja ikitumika kwa asilimia 70. Katika hesabu za fedha huo waonekana kuwa ubanaji mzuri wa matumizi. Lakini njia moja ikikatika, ile iliyobaki yatakiwa kubeba asilimia 140, mzigo usiobebeka. Foleni hujaa katika swichi, na ujumbe unaozidi hutupwa. Anayetaka njia moja iweze kuchukua nafasi ya mwenzake hana budi kuhakikisha kwamba, katika siku za kawaida, kila moja haivuki nusu ya uwezo wake. Nafasi hiyo inayoonekana tupu si ubadhirifu; ndiyo akiba yenyewe.

Pale ambapo fedha haziruhusu hivyo, ni lazima iamuliwe mapema nini kitangulie. Swichi haijui tofauti kati ya taarifa ya mgonjwa mahututi na picha za burudani mpaka binadamu aielekeze. Mgawo huo ufuate uzito wa kazi, wala usifuate ukubwa wa cheo cha mtumiaji. Hospitali, malipo ya mishahara na shughuli za mitihani vitengewe sehemu yao, na wengine nao wabakiziwe kiasi, kwani kipaumbele kisicho na mpaka hugeuka kuwa unyang'anyi.

Kazi hii si ya mafundi peke yao. Mkuu wa idara anayeidhinisha ununuzi wa mtambo wa pili aulize: huu utapata umeme kutoka wapi, na waya wake unapita wapi? Kisha ule wa kwanza uzimwe kwa makusudi, siku isiyo na kazi nyingi, ionekane kama wa pili unaubeba mzigo. Akiba ambayo haijapata kujaribiwa ni matumaini tu, na huduma za wananchi haziendeshwi kwa matumaini. Tahadhari kabla ya athari.