Kiapo Kwanza, Ukumbi Baadaye

Sheria ya Ndoa ya Tanzania, iliyotungwa mwaka 1971, haidai keki. Haidai ukumbi, msafara wa magari wala suti ya pili ya kubadilishia saa tatu usiku. Inachotaka ni hiari ya wote wawili, umri unaokubalika, kusiwe na kizuizi cha kisheria, taarifa ya kusudio la kuoana itolewe walau siku 21 kabla, awepo mfungishaji anayetambulika, na mashahidi wasiopungua wawili. Hata mahari, ambayo imekwamisha posa nyingi, kifungu cha 41 kinasema kwamba kutotimizwa kwake hakuibatilishi ndoa.

Dini nazo haziko mbali na hapo. Nikahi ina walii, mashahidi wawili, mahari, na maneno ya kuozesha na kukubali. Pale msikitini baada ya alasiri, walii humshika mkono bwana harusi, sheikh akawaongoza maneno, na jambo limekwisha kabla kahawa iliyomiminwa barazani haijapoa. Kinachofuata ni dua, tende na halua. Karamu yenyewe Mtume aliihimiza, lakini alimwambia sahaba wake Abdurrahman bin Auf aifanye japo kwa kondoo mmoja. Kwa Wakatoliki, baada ya mafundisho na matangazo, wanaohitajika mbele ya altare ni maharusi, padri au shemasi, na mashahidi wawili.

Basi mahangaiko yote haya ya harusi yametoka wapi? Yametoka kwenye mpangilio. Familia nyingi za mjini huanza kwa kuuliza ukumbi upi uko wazi mwezi upi, kisha hutafuta watu wa kuujaza, kisha fedha za kuwalisha watu hao, na kiapo hupachikwa mwishoni mahali penye nafasi.

Atakayetaka kuliona hili kwa macho yake na ahudhurie kikao cha kamati ya harusi, Jumapili jioni, kwenye bustani ya baa yoyote ya Sinza au Mbezi. Kikao kilichoitishwa saa kumi kinaanza saa kumi na mbili kasoro. Katibu anagawa karatasi ya bajeti: chakula, vinywaji, ukumbi, mapambo, muziki, MC, picha na video, keki, matarumbeta, usafiri, dharura. Mweka hazina anasoma jumla ya ahadi, halafu anasoma fedha taslimu, na wajumbe wanatazama chini. Mjumbe mmoja, ambaye ahadi yake haijaguswa tangu aitoe, anasimama kupendekeza picha za droni. Anapigiwa makofi. Bwana harusi, ambaye jina lake limeandikwa juu kabisa ya karatasi ile, hajaulizwa neno tangu kikao kianze.

Michango yenyewe haina ubaya. Ni mila ya kusaidiana iliyowaoza watu wengi ambao kwa mishahara yao peke yao wasingeweza kununua hata mchele wa pilau. Zamani mtu alichanga alichonacho: kuni, mbuzi, sufuria za kuazima, mikono ya kuchambua mchele na kumenya vitunguu usiku kucha. Siku hizi mchango umekuwa fedha tupu, na tangu M-Pesa iingie Tanzania mwaka 2008 hauhitaji hata kuonana. Mtu anaingizwa kwenye kundi la WhatsApp bila kuulizwa, anakuta orodha, na jina lake lina nafasi wazi mbele yake. Hapo ndipo mchango ulipogeuka tiketi. Aliyetoa kiasi fulani anapata kadi ya mmoja, aliyezidisha anapata ya wawili, na aliyetoa kidogo anaambiwa asante. Matokeo yake ni yale yanayoonekana katika kumbi nyingi: meza za mbele zimekaliwa na wafanyakazi wenza wa mjomba, ilhali shangazi aliyemlea bibi harusi amebaki nyumbani kwa sababu hakufikisha kiwango. Ni aibu, na kamati zinazofanya hivyo zinapaswa kuambiwa hivyo.

Mwezi wa Januari 2017, jijini Nairobi, vijana wawili waliokuwa wameahirisha harusi yao kwa kukosa fedha walichoka kungoja. Waliingia kanisani na fulana na jinzi, wakala kiapo, wakavishana pete za chuma zilizowagharimu shilingi 100 za Kenya. Picha zao zikasambaa. Haukupita muda, wasamaria wakajitokeza na kuwaandalia harusi kubwa ya tarehe 14 Februari, yenye gauni, keki na kila kitu. Nia ilikuwa njema, na hakuna wa kuwalaumu maharusi kwa kuipokea. Ila jambo moja lisisahaulike: ndoa ile ilikuwa imekwisha fungwa Januari, mbele ya mchungaji, kwa kiapo kilekile. Waliokuwa hawajashiba ni watazamaji.

Wala hili si tatizo la wasio nacho tu. Umoja wa Falme za Kiarabu, nchi ya mafuta, ililazimika kuanzisha Mfuko wa Ndoa mwaka 1992, kwa kuwa mahari na karamu zilikuwa zimewaelemea vijana wa kiume. Mfuko ule ulitoa ruzuku, na harusi za pamoja zikahimizwa, ambapo mabwana harusi wengi hukaa jukwaa moja na gharama zikabebwa kwa pamoja. Parokia za Tanzania nazo hufungisha ndoa za pamoja, mara nyingi za watu waliokwisha kuzaa na kulea huku wakingoja fedha za sherehe. Kuna watoto waliowasindikiza wazazi wao altareni kwa sababu hiyo.

Sasa wanaotarajia kuoana wafanyeje? Kwanza na wakae wawili, kabla mshenga hajarudi na majibu na kabla kamati haijaitishwa, waamue mambo mawili: fedha yao wenyewe ni kiasi gani, na ni watu gani ambao wasipokuwepo siku hiyo itakuwa haijatimia. Orodha hiyo ya pili ndiyo mama wa bajeti. Watu 300 kwa sahani ya shilingi 25,000 ni 7,500,000. Watu 120 kwa sahani hiyohiyo ni 3,000,000. Na sahani haiji peke yake. Kila mtu ana kiti chake, soda yake na sehemu yake ya meza yenye maua, na ukumbi hukodiwa kwa ukubwa. Wako wanaohangaika wiki nzima kumbembeleza mpiga picha apunguze laki moja, huku wameongeza waalikwa hamsini kwa simu moja ya baba mdogo.

Kisha waikabidhi kamati tarakimu, wasiikabidhi ndoto. Kamati iambiwe: hii ndiyo fedha iliyopo, mtakachokusanya kitaongezwa hapo, na hakuna kitakacholipiwa kwa ahadi. Mzabuni hulipwa kwa fedha iliyofika mkononi. Sheria hii moja ingewaepusha maharusi wengi na fungate la kupokea simu za mpishi anayedai.

Wazee watalalamika. Watasema familia itachekwa. Hapo inahitajika adabu na msimamo, na anayefaa kulisema ni mtu mzima wa ukoo ambaye neno lake linasikika, wala si bibi harusi kwa ujumbe wa simu saa nne usiku. Pengine kicheni pati, sendofu na harusi zinaweza kufanywa mbili badala ya tatu, au sendofu ikafanyika nyumbani chini ya turubai la kukodi. Mwenye kutaka kucheka atacheka hata kwenye harusi ya milioni hamsini. Atasema nyama ilikuwa ngumu.

Fedha ikishatulia, maharusi wanapata nafasi ya kufikiria kile kitakachokumbukwa. Uchagani, ndafu ni mbuzi mzima aliyebanikwa, amewekwa mezani amesimama na majani mabichi mdomoni, akakatwa na kugawiwa kwa heshima mbele ya ndugu wa pande zote mbili. Hiyo ni ibada ndogo yenye maana, na inaliwa. Ukiwa na ndafu, keki ya ghorofa saba ya nini? Pwani, mafundisho ya somo kwa mwari yanastahili muda kuliko kipindi cha MC kutania wakwe. Na wazazi wapewe kusema mapema, watu wakiwa bado macho, si saa sita usiku baada ya awamu ya nne ya zawadi, wakati nusu ya ukumbi imekwenda kutafuta bodaboda.

Siku yenyewe, bibi harusi na ale. Inaonekana ni jambo dogo, lakini wapo waliozirai kwenye gauni kwa kushinda saluni tangu alfajiri na chai kavu. Simu yake ashike msimamizi; simu ya bwana harusi vilevile. Malipo yaliyobaki, ya mpishi, ya muziki, ya dereva, yawe kwenye bahasha zenye majina, mkononi mwa mtu mmoja mwaminifu ambaye hanywi. Makubaliano na ukumbi yawe kwenye maandishi, yakiwa na saa ya kufungua milango na saa ya kuzima muziki, kwa kuwa saa ya ziada hutozwa na hakuna anayekubali baadaye kwamba ndiye aliyeiomba.

Halafu kuna kuvunja kamati, ile sherehe ya kupongezana ambayo siku hizi nayo ina bajeti yake. Hapo mweka hazina asome hesabu yote, ahadi zilizotimia na zisizotimia, bila kumung'unya maneno. Pakiwa na salio, likabidhiwe maharusi jioni hiyohiyo, kabla mhudumu hajaitwa kuleta kreti nyingine. Wao ndio wenye kodi ya nyumba mwisho wa mwezi.