Pikipiki Zetu Tunaziuza kwa Kilo

Jumamosi nilijipeleka Makumbusho ya Taifa, pale Mtaa wa Shaaban Robert. Watu wamejazana kwenye magari ya zamani wakipiga picha, hasa ile Rolls-Royce iliyotumiwa na wakoloni, kisha ikambeba Mwalimu. Nikazunguka nikitafuta pikipiki. Sikuona hata moja.

Wenzetu wanazienzi jamani. Ile ya kwanza ya petroli, waliyoitengeneza Daimler na Maybach huko Ujerumani mwaka 1885, ilikuwa ya mbao, ina vigurudumu viwili vya pembeni kama baiskeli ya mtoto, na inasemekana kiti kilishika moto njiani! Yenyewe iliteketea mwaka 1903. Wakaunda nyingine za mfano wake, na watu wanalipa kiingilio kwenda kuziona.

Nikachukua bodaboda hadi Kariakoo. Mtaa huu umepata jina kutokana na wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, waliobeba mizigo kichwani. Leo mizigo ya Kariakoo inafungwa nyuma ya Boxer. Kijana aliyenibeba alianza kazi na SanLG ya Kichina, nikamuuliza iko wapi.

"Niliuza skrepa, braza."

Nilinyamaza. Vespa ya baba mdogo nayo iliishia kwenye mzani, na mimi ndiye niliyesaidia kuisukuma.

Sasa wadau, kama uani kwenu kuna pikipiki kuukuu inayolaliwa na kuku, msiiuze kwanza. Barua ya kwenda Makumbusho nimeshaianza.