Anza na tope, rangi itasubiri

Katika makala ya kufufua Land Rover kuukuu, mwandishi amekimbilia rangi mapema mno. Huku kwetu Chogoria, ambako Land Rover kuukuu zimepandisha wageni kuelekea Mlima Kenya kwa miaka mingi, adui ni udongo mwekundu.

Yangu ni Series III. Niliikuta Runyenjes nyuma ya zizi la ng'ombe, kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva. Bodi ilikuwa nzima, maana sehemu yake kubwa ni ya alumini na alumini haishiki kutu nyekundu. Lakini chesisi ni chuma, tope huiozesha, na hapo ndipo wanunuzi wengi hudanganyika: wanagonga mlango, wanasikia bati zima, wanatoa pesa. Tafadhali lala chini na nyundo ndogo, ugonge chuma cha nyuma kabisa na vishikizo vya pembeni. Kikilia kwa sauti safi, sawa. Kikidondosha maganda, punguza bei au rudi nyumbani.

Kuosha pekee kulinichukua Jumamosi mbili. Nilikwangua kwa kijiti, nikazibua matundu ya chesisi ya kutolea maji, yote yalikuwa yamezibwa na tope la miaka. Halafu nikamwaga oili ya gia boksi. Ilitoka kama chai ya maziwa. Maji yalikuwa yameingia. Ningeiendesha hivyo, ningeua beringi.

Kazi hizo unaweza mwenyewe, lakini breki usijifunzie peke yako, hasa kama unashuka miteremko mikali ya Nithi. Mwite fundi, ukae naye, umshikie spana.