Taka za Kibarani zilienda wapi?



Ukiingia kisiwani Mombasa kupitia Makupa, tazama Kibarani. Palipokuwa jaa la taka kwa miaka mingi, leo pamepandwa miti. Alhamdulillah, hiyo ni kazi nzuri. Lakini jiulize, taka zilienda wapi? Zilihamishiwa Mwakirunge, huko Kisauni. Na Mwakirunge nako kunaishi watu, kuna watoto wa watu.

Ndivyo miji yetu inavyopangwa. Anapopita mgeni ndipo panaposafishwa. Huku mitaani maji twanunua kwa mtungi, na mvua ikinyesha majitaka yanaingia hadi ndani.

Si kwamba sheria hakuna. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inakupa haki ya makao yanayofaa, usafi na maji safi ya kutosha. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 inataka wakaazi washirikishwe katika kuendesha mji wao. Mwaka 2016 ikaja Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Miji. Karatasi tunazo. Shida ni kuwa pesa zinapogawanywa, sisi hatupo.

Basi shika tarehe hizi. Kila mwaka serikali ya kaunti hupeleka mpango wa maendeleo kwa bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, mwelekeo wa matumizi kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Mtaro wenu usipoandikwa kwenye mpango wa Septemba, msiutarajie kwenye bajeti ya Juni.

Ijumaa hii baada ya swala, kaeni hata watu kumi, wake kwa waume. Andikeni mambo matatu ya mtaa wenu: mtaro upi umeziba, bomba lipi halina maji, taka zinamwagwa wapi. Pelekeni barua ofisi ya wadi na kwa karani wa bunge la kaunti, na nakala yenu ipigwe muhuri. Ya mdomo watayakana kesho.

Na mkiandika "tuondoleeni taka", semeni pia zipelekwe wapi na zishughulikiwe vipi. Mtume wetu (SAW) ametufundisha kuwa kuondoa chenye kudhuru njiani ni katika imani. Kukitoa kwako ukakiweka mlangoni kwa jirani, hapo hujaondoa kitu.

Mtumie jirani yako ujumbe huu kabla ya Ijumaa.