Mpaka wa Barabara ya Natta Uwekwe Wazi

Barabara itokayo Makutano Juu, ikapita Natta hadi Mugumu, haipimwi kwa urefu peke yake. Upande wa mashariki lami ilikwisha kuwekewa kikomo: mwaka 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki ilikataa isikatize Hifadhi ya Serengeti. Upana ndio umkoseshao mwanakijiji usingizi.

Zamani eneo la barabara lilikuwa mita 22.5 kila upande kutoka katikati. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ikalifanya mita 30. Aliyejenga ndani ya zile 22.5 huambiwa ameifuata barabara, naye halipwi. Aliyekutwa katika mita 7.5 zilizoongezwa amefuatwa na barabara, hivyo anastahili fidia. Sisi twauliza: katikati ya wapi? Njia ya udongo hupindapinda, na greda huisogeza. Nyumba ile ile yaweza kuwa na haki leo, kesho ikaikosa.

Wasomaji wetu wa Ukerewe, ambao safari yao ya bara huanzia kivukoni Rugezi kwenda Kisorya, wana sababu ya kulifuatilia jambo hili. Tunawataka wahusika wasimike nguzo za mpaka mbele ya serikali ya kijiji, kabla alama ya X haijapakwa ukutani mwa mtu.